Tupimieni dawa za mimea kabla hatujaendelea kuzimimina mabwawani: barua ya wazi kutoka Kasulu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi,
Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kigoma,
Kwa uongozi wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI),
Kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za mkoa wetu.

Waheshimiwa,

Ninawaandikia nikiwa mfugaji wa samaki wa hapa Kasulu, mwenye mabwawa matatu yaliyochimbwa kwa jembe katika bonde ambalo maji yake huingia Mto Ruchugi. Wafugaji wengi ninaowafahamu katika mkoa huu tumeanza kuwatibu samaki wetu kwa mitishamba, kila mtu kwa kipimo chake, na mimi binafsi sijawahi kushika mkononi mwongozo wa Kiswahili unaoeleza kipi kinasaidia, kipi hakifanyi kitu na kipi kinaua. Ninaomba mimea hiyo ifanyiwe majaribio hapahapa Kigoma, kwa samaki tunaowafuga na katika maji tuliyonayo, kisha vipimo vitakavyothibitishwa vimfikie mfugaji kupitia maafisa ugani wa uvuvi.

Naomba mniruhusu nieleze kwanza yaliyonipata, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Mwaka wangu wa kwanza nilipandikiza vifaranga 600 vya sato katika bwawa la mita 20 kwa 10, yaani samaki watatu kwa kila mita ya mraba. Masika yalipokolea, niliona samaki wakijisugua kwenye vigingi vya mianzi, na baada ya siku chache baadhi yao wakawa na vidonda vyekundu ubavuni, magamba yamenyanyuka, na juu ya vidonda hivyo kumeota kitu cheupe kama pamba. Chanzo kilikuwa ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimemwaga samadi nyingi ya ng'ombe ili maji yawe ya kijani haraka, na kila alfajiri samaki walikuwa wakipanda juu kutafuta hewa, nami sikuelewa kuwa samaki aliyechoshwa na ukosefu wa hewa ni samaki aliyefunguliwa mlango wa maradhi.

Mzee jirani yangu, ambaye ninamheshimu na ambaye ametibu kuku na mbuzi kwa mitishamba kwa miaka mingi, alinishauri nitumie mwarobaini. Niliagiza majani kutoka Kigoma mjini, nikayachemsha katika sufuria kubwa mpaka maji yakawa na rangi ya chai iliyokolea, jioni nikamimina ndoo tatu bwawani na makapi ya majani nikayatupia humohumo. Alfajiri nilikuta maji yote yamejaa midomo. Samaki walikuwa wamejipanga ukingoni wakihema, wengine wamekwisha kugeuka ubavu. Nilipomshika mmoja na kumfunua shavu, matamvua yaliyopaswa kuwa mekundu yalikuwa yamepauka na kufunikwa na ute mzito uliovutika kwenye kidole changu kama maji ya bamia. Hadi adhuhuri, mimi na mke wangu tulikuwa tumeokota samaki waliokufa zaidi ya mia mbili.

Mzee yule hakunidanganya. Mwarobaini umefanyiwa utafiti kwa samaki katika nchi mbalimbali, na kwa kipimo kidogo umeonyesha uwezo wa kupunguza vimelea na kuimarisha kinga ya mwili. Lakini kemikali yake iitwayo azadiraktini, ileile inayofukuza na kuua wadudu shambani, ikikolea majini humdhuru samaki pia, na majani yanayooza hula oksijeni ambayo katika bwawa langu ilikuwa tayari imepungua. Nilikuwa na mti sahihi na ugonjwa ambao huenda ungesikia dawa. Kilichokosekana ni mtu wa kuniambia gramu ngapi, kwa maji kiasi gani, kwa muda gani, na kwamba makapi yasiingie majini.

Sisi watu wa Kigoma tuna sababu ya pekee ya kutochezea jambo hili, kwa kuwa tunaujua utupa. Wazee wetu walijua kwamba majani ya utupa yakipondwa na kutiwa katika kijito, samaki huelea baada ya muda mfupi, na leo inafahamika kwamba sumu yake, rotenoni, huuzuia mwili wa samaki kuitumia oksijeni hata kama maji yana hewa ya kutosha. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na ni haki kabisa ikataze. Lakini mmea huohuo bado unaota mashambani mwetu, na wakulima huutumia kufukuzia wadudu, jambo linalotuonyesha kuwa neno "asilia" peke yake halimwambii mfugaji chochote kuhusu usalama wa kile anachotaka kukitia bwawani.

Baada ya msiba ule nilifanya kosa la pili, na hili linaniuma zaidi kwa sababu liliwagusa watu wengine. Nilikwenda katika duka la dawa za mifugo, nikaeleza hali ya samaki wangu, nikauziwa unga wa oksitetrasaiklini, ambayo ni antibiotiki, uliotengenezwa kwa ajili ya kuku. Muuzaji alinipimia kwa kifuniko cha soda. Hakuniuliza uzito wa samaki wangu wala joto la maji, na hakuniambia ni lini samaki hao wangefaa kuliwa. Siku ya tano vidonda vilikuwa vimeanza kukauka, nikafurahi, nikavua, nikawauzia majirani na wengine tukawala nyumbani na watoto.

Baadaye nilijifunza kwamba dawa hutoka katika mwili wa samaki kulingana na joto la maji, na kwamba kwa sababu hiyo muda wa kusubiri kabla ya kuvua huhesabiwa kwa digrii-siku, yaani nyuzi za joto la maji mara idadi ya siku. Kipimo ambacho Ulaya ilikitumia kwa miaka mingi, pale samaki alipopewa dawa ambayo haikusajiliwa kwa ajili yake, kilikuwa si chini ya digrii-siku 500. Kwa maji ya nyuzi 25 hiyo ni siku 20, na kwa maji yetu ya Kasulu wakati wa baridi ya Juni na Julai ni siku nyingi zaidi. Mimi nilisubiri siku tano.

Waheshimiwa mnajua kuliko mimi madhara ya usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kutokana na maambukizi ya bakteria sugu. Tanzania imeandaa Mpango Kazi wa Taifa wa kupambana na usugu huo, wa kwanza ukiwa wa mwaka 2017 hadi 2022 na wa pili wa mwaka 2023 hadi 2028, na mtazamo wake ni kwamba afya ya binadamu, ya mifugo na ya mazingira ni jambo moja. Bwawa la samaki ni mahali ambapo mambo hayo matatu hukutana kwa mita chache: dawa anayotupiwa samaki na ambayo hakuila hubaki kwenye tope, bakteria wa tope hujizoesha nayo, na maji hayo tunayafungulia yaende mtoni. Mto Ruchugi huingia Malagarasi, na Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika, ambalo lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana mahali pengine popote duniani, na ambalo maji yake huchukua mamia ya miaka kubadilika. Kinachoingia humo hakiondoki upesi.

Hapo ndipo mimea inapopata uzito wake. Umoja wa Ulaya ulipopiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia tarehe 1 Januari 2006, watafiti wengi walizidi kuigeukia mimea kama njia ya kumfanya mnyama asiugue, na samaki walikuwa miongoni mwa wanyama hao. Kitunguu saumu, tangawizi, manjano, majani ya mpera, mlonge, shubiri: yote haya yamekwisha kuchanganywa katika vyakula vya samaki kwenye maabara za nchi nyingi, na matokeo yanayojirudia ni kwamba chembe nyeupe za damu za samaki huchangamka zaidi katika kuwameza bakteria, hamu ya kula huongezeka, na samaki akiambukizwa kwa makusudi hupona kwa wingi zaidi kuliko yule ambaye hakulishwa mmea.

Nichukue mfano mmoja tu, wa kitunguu saumu. Katika utafiti uliofanyika Uskoti na kuchapishwa mwaka 2009, samaki aina ya trauti walilishwa kwa siku 14 chakula chenye nusu gramu au gramu moja ya kitunguu saumu kwa kila gramu 100 za chakula, kisha wakaambukizwa bakteria aitwaye Aeromonas hydrophila, ambaye ni miongoni mwa wale wanaosababisha vidonda na tumbo kujaa maji kwa samaki wa mabwawani. Waliokufa walikuwa asilimia 4. Katika kundi ambalo halikupewa kitunguu saumu walikufa asilimia 88.

Trauti ni samaki wa maji baridi, na sato si trauti. Ndiyo sababu siwezi kumwambia jirani yangu kwamba atapata matokeo yaleyale. Lakini hebu tufanye hesabu ya gharama. Samaki 600 wenye wastani wa gramu 100 wana uzito wa kilo 60. Wakilishwa asilimia 3 ya uzito wao kwa siku, hiyo ni kilo 1.8 za chakula, na kwa gramu moja kwa kila gramu 100 tunahitaji gramu 18 za kitunguu saumu kwa siku, ambazo kwa siku 14 ni gramu 252. Robo kilo ya kitunguu saumu! Hakuna mfugaji wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo atakayeshindwa kuinunua, na wengi wetu tunaweza kuipanda kando ya bwawa.

Kina mama wa kikundi chetu ndio walionifundisha namna ya kukiandaa, na ninaieleza kwa kirefu ili muone kwamba hata jambo dogo namna hii lina ufundi ndani yake. Vitunguu saumu humenywa, hupondwa kwenye kinu cha mbao mpaka vilainike kabisa, kisha huachwa kwa dakika kumi hivi kabla ya kuguswa. Subira hiyo ina maana. Kitunguu saumu kizima hakina alisini, ambayo ndiyo dawa yenyewe. Kina aliini, ambayo ndiyo malighafi yake, na kimeng'enya, yaani kichocheo cha kuigeuza, kilichotengwa nayo katika seli. Tunapoponda, viwili hivyo hukutana na ndipo alisini hutengenezwa. Baada ya hapo mama mmoja huyeyusha mawese kidogo kwenye sufuria, huyaacha yapoe mpaka yavumilike mkononi, huchanganya na kitunguu, kisha hunyunyizia juu ya chakula huku mwenzake akigeuza kwa mwiko ili kila punje ipate. Mawese yakiganda kidogo hushikilia dawa isioshwe na maji kabla samaki hajaimeza. Chakula hicho hulishwa siku hiyohiyo, maana alisini haidumu. Mfugaji mmoja wa kikundi chetu alikuwa akivichemsha vitunguu vizima kwanza ili, kwa maneno yake, dawa itoke vizuri. Kwa kufanya hivyo alikuwa akikiua kimeng'enya na kuwalisha samaki harufu tu.

Tangu tuanze utaratibu huo, vifo katika bwawa langu vimepungua. Hata hivyo sitasema kwamba ni kitunguu saumu kilichofanya hivyo, kwa sababu katika kipindi hichohicho nilipunguza samadi, nilianza kubadilisha maji kila wiki, na vifaranga wapya tuliwaogesha kwa dakika chache katika maji yenye chumvi ya Uvinza, gramu 10 kwa lita, kabla ya kuwaingiza bwawani. Mkulima aliyebadilisha mambo manne kwa pamoja hana ushahidi wa lolote kati ya hayo manne. Ushahidi hupatikana pale mabwawa mawili yanapokuwa sawa kwa kila kitu isipokuwa kimoja, na kazi hiyo inahitaji watu wenye mafunzo, mizani na subira.

Watu hao tunao. TAFIRI ina kituo hapa Kigoma, na Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, yaani FETA, ina kampasi yake hapahapa. Ninaomba TAFIRI ipewe fedha na jukumu la wazi la kufanya majaribio ya mimea mitatu au minne tu kwa kuanzia, ile ambayo tayari iko mikononi mwa wafugaji, kwa misimu angalau miwili, kwa sababu maji ya Kasulu mwezi Julai si sawa na maji ya Novemba, na si sawa na maji ya vizimba kule ziwani. Majaribio yafanyike kwa sato, kwa kambale, na kwa ngege wetu wa Ziwa Tanganyika, ambaye ni aina nyingine kabisa na asichukuliwe kuwa atavumilia kile anachokivumilia sato. Kila mmea upimwe pia kwa upande wa madhara: mlonge, kwa mfano, ni chakula kizuri kwa kiasi kidogo, lakini majani yake yakizidi katika chakula samaki hudumaa.

Ninaomba vilevile Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, kupitia taasisi yake ya tiba asili, na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine washirikishwe katika kupima kemikali zilizomo ndani ya mimea yenyewe. Jani la mpera lililochumwa kiangazi na kukaushwa kivulini halina nguvu sawa na lililochumwa masika na kuanikwa juani, na udongo nao una neno lake. Mwongozo utakaosema "kiganja kimoja cha majani" utaturudisha kulekule kwenye kifuniko cha soda. Na wazee wenye maarifa ya mitishamba waitwe mapema, waulizwe kwa heshima, majina yao yaandikwe katika kazi hiyo kama watoa maarifa, na wakitaka kunyamaza wasilazimishwe.

Jambo la maabara naomba lisichukuliwe kuwa la baadaye. Mimea haiponyi kila kitu. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya kugunduliwa kwa virusi vya sato, vinavyoitwa TiLV, katika samaki wa Ziwa Viktoria upande wa Tanzania na Uganda, na hakuna kitunguu saumu kitakachovitibu. Mfugaji anayemwona sato mwenye macho yaliyotoka nje au anayeogelea kwa kuzunguka anahitaji kujua kama ni bakteria, kimelea au virusi kabla hajaponda chochote. Halmashauri zikimpatia kila afisa ugani wa uvuvi hadubini ya kawaida, kipimajoto, kipima oksijeni na mizani ya gramu, vimelea vingi vya ngozi na matamvua vitaonekana palepale ukingoni mwa bwawa, na sampuli chache tu zitakazobaki ndizo zipelekwe kwenye maabara ya veterinari. Utaratibu wa kuzipeleka uandikwe na utangazwe: nani anazipokea, zihifadhiwe vipi njiani, nani analipa, na majibu yanarudi lini.

Kuhusu antibiotiki, siombi zipigwe marufuku. Kuna siku samaki watazihitaji. Ninaomba zisiuzwe kwa mfugaji wa samaki bila maelekezo ya daktari wa mifugo, na kila anayeziuza awajibike kuandika kwenye karatasi kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvua. Kama muuzaji wangu angelazimika kuandika siku 20, nisingewapa wanangu samaki wale.

Waheshimiwa, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Niliunga mkono hatua hiyo na bado ninaiunga mkono. Katika miezi ile watu walikuja mpaka bondeni kwetu kutafuta kitoweo, watu ambao kabla ya hapo walikuwa hawaulizii kabisa samaki wa bwawa, kwa sababu mtu wa Kigoma aliyezoea migebuka na dagaa humwona samaki wa bwawa kuwa ana harufu ya tope. Walinunua, wakala, wengine wakarudi. Kila mnapotuhimiza tuchimbe mabwawa na tuweke vizimba, mnatuhimiza kujaza samaki wengi mahali padogo, na popote samaki wanapojaa maradhi hufuata. Ninawaomba utafiti wa tiba utangulie, au walau uende sambamba na hamasa hiyo.

Bwawa langu la pili, lenye ukubwa uleule wa mita 20 kwa 10, limekauka na limepumzishwa. Lina mfereji wake wa kuingizia maji na wa kutolea, na halipokei maji kutoka katika mabwawa mengine. Ninalitoa kwa TAFIRI bila malipo kwa misimu miwili, pamoja na bwawa la tatu la kulinganishia, na kikundi chetu kimekubali kulisha, kupima na kuandika kwenye daftari kila siku asubuhi na jioni. Tunachosubiri ni mtaalamu wa kutuambia tuanze na gramu ngapi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mfugaji wa samaki,
Kasulu, Kigoma.